Haki ya Mtu Mbele ya Kioo



Mada niliyoomba kuizungumza mbele ya hadhara hii ni mada ambayo kila aliyeketi hapa ana tajriba nayo, kwa kuwa hakuna kati yetu ambaye hajapata kushika simu, kujaza fomu ya mtandaoni, au kusimama mbele ya mashine ya benki, huku macho yake yakitafuta kitufe ambacho kwa haki kingalipasa kuonekana kwa mtazamo wa kwanza. Nakusudia kusema juu ya kiolesura, yaani ule uso wa programu ambao mtu huuona na kuugusa, wenye maandishi, vitufe, menyu, visanduku vya kujazia, maonyo na maswali. Na nakusudia kudai, bila ya kupunguza neno, kwamba sehemu kubwa ya mashaka yanayotupata mbele ya uso huo haitokani na ujinga wetu, bali hutokana na watu walioketi mbali nasi, wakapanga mambo kwa wepesi wao au kwa faida yao, kisha wakatuachia sisi lawama.

Lawama hiyo tumeipokea kwa unyenyekevu usio na sababu. Mwalimu aliyesomesha hesabu maisha yake yote, akishindwa kulipa ankara ya maji kwa simu, husema kwamba yeye hayajui mambo ya kisasa. Karani hodari, aliyezoea kushika daftari za fedha nyingi bila ya kupotewa na senti, akifuta kwa bahati mbaya waraka alioufanyia kazi tangu asubuhi, huomba radhi kana kwamba amezembea. Na mama aliyeendesha biashara sokoni miaka mingi, ambaye hakuna mchuuzi awezaye kumpunja, humkabidhi mjukuu simu yake na kusema kwamba macho na akili vimechoka. Watu hawa si wajinga, na hakuna aliye mjinga wa kazi yake mwenyewe. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, alitoa kitabu juu ya usanifu wa vitu vya kila siku, na mfano wake mmoja ukapata sifa kuliko yote: mlango usiomjulisha mtu kama ausukume au auvute. Anayeusukuma mlango huo pale palipotakiwa kuvutwa, alifundisha Norman, hana kosa lolote. Aliyekosa ni yule aliyeutengeneza, kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa na njia ya kusema na ukanyamaza. Milango ya namna hiyo huitwa hata leo kwa jina lake katika madarasa ya usanifu, walakini fundisho lenyewe bado halijaingia katika ofisi nyingi ambamo programu zetu hutengenezwa.

Naomba mniruhusu nilipime fundisho hilo kwa kisa kimoja kikubwa, ambacho kiliandikwa katika kumbukumbu za mahakama na kwa hiyo hakina uvumi ndani yake. Tarehe 11 Agosti 2020 watu waliofanya kazi kwa ajili ya benki ya Citibank walitaka kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya kiasi cha dola milioni 7.8. Programu waliyopewa haikuwa na njia ya wazi ya kulipa riba kwa namna waliyoihitaji siku ile na kuliacha deni lenyewe mahali pake. Ilimlazimu mtumishi aiambie mashine kana kwamba deni lote linalipwa, kisha aielekeze ile sehemu ya asili ya deni iingie katika akaunti ya ndani ya benki, isitoke nje. Ili kufanya hivyo ilikuwa sharti ajaze visanduku vitatu, vyenye majina mafupi yasiyojieleza, na wao walijaza kimoja wakiamini kwamba kinatosha. Benki ilikuwa imeweka hadhari: mtu wa kwanza aliandika, wa pili akakagua, wa tatu akaidhinisha. Wote watatu waliutazama uso uleule wa programu, na wote watatu wakaridhika. Dola karibu milioni 894, mali ya benki yenyewe, zikaondoka.

Lakini kuna jambo katika kisa hiki linalonishughulisha kuliko ukubwa wa fedha. Kabla ya fedha kuondoka programu ilitoa onyo, ikasema kwamba fedha zitatoka nje ya benki, na ikauliza kama mtumishi anataka kuendelea. Haikutaja ni fedha kiasi gani. Madhali riba ilikuwa kweli imekusudiwa kutoka nje ya benki, jibu la ndiyo lilikuwa jibu sahihi kwa swali lililoulizwa, na mtu mwaminifu, mwangalifu, mwenye akili timamu, asingaliweza kujibu vingine. Onyo lile lilikuwa na umbo la hadhari, bali halikuwa na habari ndani yake. Sehemu kubwa ya fedha hizo, iliyofikia karibu dola milioni 500, waliozipokea hawakuirudisha. Februari 2021 Jaji Jesse Furman wa New York akahukumu kwamba wana haki ya kuzishika, na Septemba 2022 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miaka miwili ya mawakili na mashaka, kwa sababu ya tarakimu ambazo mashine ilikuwa nazo na haikuzionyesha.

Sasa natoka New York nije pwani yetu, kwa kuwa hapa pana mfano ambao sioni ukitajwa kwa heshima inayoustahili. Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Huduma hiyo haikutaka simu janja. Ilitosha kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, na menyu, ambayo hapa Tanzania hufunguliwa kwa nyota, tarakimu na reli. Katika siku za mwanzo, mtu aliyekosea tarakimu moja kati ya kumi za namba ya mpokeaji alikuja kulijua kosa lake baada ya fedha kwisha kuondoka, ujumbe ulipomjia na jina la mtu asiyemfahamu. Ndipo alipoanza safari ya kupiga simu huduma kwa wateja, kumsihi mgeni kwa jina la Mungu, na mara nyingi kuipoteza haki yake. Baadaye Safaricom ikaongeza huduma iitwayo Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, na kumpa nafasi ya kusitisha. Hapa Tanzania nako, leo, menyu za kutuma fedha humwonyesha mtu jina na kiasi kabla ya kumtaka athibitishe.

Basi natafakari: mkulima wa korosho wa Newala, mwenye kitochi mkononi, anamtumia mwanawe ada ya shule na kuambiwa ni nani atakayepokea na ni shilingi ngapi zitakazotoka, ilhali watu watatu waliofanya kazi kwa ajili ya mojawapo ya benki kubwa za dunia hawakuambiwa kiasi kinachotoka mikononi mwao. Kuonyesha jina na kiasi hakuhitaji kioo cha rangi wala mashine ya thamani. Kunahitaji kwamba aliyeitengeneza programu amkumbuke mtu wa upande wa pili, ajiulize ni jambo gani huyo mtu anahitaji kulijua kabla hajabonyeza, kisha amwambie jambo hilo kwa maneno yake. Kila programu inayotenda jambo lisilorudishika, iwe ni kulipa, kufuta, kutuma au kujiandikisha, imebeba amana ya mtumiaji wake, na sharti la kwanza la amana hiyo ni kuusema ukweli wa tendo kabla ya tendo.

Hata hivyo sitaisifu menyu ya nyota na reli kupita kadiri. Ukurasa wake mmoja hauwezi kubeba zaidi ya herufi 182, na ndani ya nafasi hiyo finyu hubanwa mambo mengi, hata chaguo la lazima likawa limefichwa katika ukurasa wa tatu au wa nne, nyuma ya matangazo ya vifurushi ambavyo mtu hakuviuliza. Tena mazungumzo hayo yana muda wake: mzee akivaa miwani, akatafuta karatasi yenye namba ya mita ya umeme, akairudia mara ya pili kwa uangalifu, hukuta menyu imekwisha kujifunga, na hana budi kuanza upya. Matokeo yake yanaonekana katika kila kibanda cha wakala. Mtu asiyeweza kwenda kwa kasi ya menyu humtajia wakala, au jirani, au mjukuu, namba yake ya siri, na kumwomba amfanyie. Na hapo kazi yote ya ulinzi iliyofanywa na wahandisi kwa gharama kubwa huwa batili, kwa kuwa siri imekwisha kusemwa kwa sauti barazani. Kampuni hutangaza redioni kwamba usimpe mtu namba yako ya siri. Nasaha hiyo ni njema, lakini aliyeufanya uso wa huduma usisomeke na asiyeona vizuri, wala usimngoje asiye na kasi, amekwisha kumlazimisha kulitenda lile analomkataza.

Mpaka hapa nimesema juu ya makosa ya kutojali. Yako mengine yanayofanywa kwa makusudi, nayo hayastahili kuitwa makosa. Mwaka 2010 Mwingereza mmoja aitwaye Harry Brignull alianza kuyakusanya na kuyapa jina la jumla, kwa kuwa aliona kwamba tovuti nyingi zimesanifiwa kwa ustadi mkubwa ili kumwelekeza mtu pale asipotaka kwenda. Kitufe cha kukubali huwa kikubwa chenye rangi ya kung'aa. Cha kukataa huwa maandishi madogo ya kijivu, au hakipo kabisa, na mtu hutakiwa kufungua kurasa mbili tatu ili kulitafuta neno hapana. Mamlaka ya Ufaransa inayolinda taarifa za watu ilitangaza Januari 2022 kuitoza Google faini ya yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60 kwa sababu hiyohiyo: kukubali vidakuzi, yaani alama ambazo tovuti huziacha katika kifaa cha mtu, kulihitaji mbofyo mmoja, na kukataa kulihitaji mibofyo kadhaa. Katika Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Amazon mwaka 2023, ikidai kwamba wateja waliandikishwa katika huduma ya Prime bila ya ridhaa yao ya wazi, na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa ndefu kwa makusudi. Ndani ya kampuni, kwa mujibu wa mashtaka hayo, njia hiyo ya kujitoa iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Wayunani wa kale juu ya vita. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kuimaliza kesi hiyo.

Nayataja hayo kwa sababu hadaa za namna hii zimo pia katika simu zetu, na hapa wenye kuzishtaki ni wachache. Mtu hupokea ujumbe, hubonyeza tarakimu moja akidhani anauondoa kiooni, na kumbe amejiunga na huduma itakayomkata salio kila siku. Kujiunga kulitaka tarakimu moja, na kujitoa kunataka neno maalumu litumwe kwenye namba maalumu ambayo haikuandikwa popote pale alipojiunga. Shilingi zinazokatwa ni chache kwa siku, na kwa sababu ni chache hakuna anayekwenda mahakamani. Mimi nauita wizi, na uchache wa kinachochukuliwa haubadili jina lake.

Tena kuna udhia wa fomu zilizobuniwa na mtu asiyeijua dunia zaidi ya mtaa wake. Fomu hutaka jina la kwanza na jina la ukoo; na mtu wa Unguja au wa Lamu, ambaye jina lake ni lake mwenyewe, kisha la baba yake, kisha la babu yake, huchagua lipi? Akiandika la baba leo na la babu kesho, huambiwa na mashine kwamba yeye ni watu wawili, na pasipoti yake haiafikiani na tiketi yake. Fomu hutaka tarehe bila ya kusema kama mwezi hutangulia au siku, hata 04/05 ikawa ni Aprili kwa Mmarekani na Mei kwetu. Fomu hutaka namba ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta, na haikubali kuendelea mpaka vijazwe. Na mtu ambaye barua zake humfikia kwa sanduku la posta la shule au la msikiti huandika sifuri tano ili mlango ufunguke. Hapo ndipo ghadhabu yangu inapozidi, kwa maana mtu mkweli, aliyekuja kununua kitabu au kuomba nafasi ya chuo, amelazimishwa kuandika uongo, na uongo huo umehifadhiwa kama taarifa sahihi. Fundi wa kanzu humpima kwanza mtu, ndipo akate kitambaa. Hawa wamekata kitambaa kwa kipimo cha mtu mmoja wa California, na kila asiyeenea huambiwa kwamba mwili wake una kasoro.

Sitakaa sana juu ya maandishi hafifu ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo huonekana mazuri katika chumba chenye kivuli na hupotea kabisa chini ya jua la Kariakoo saa saba mchana. Kipimo cha jambo hili kimewekwa zamani na jumuiya inayosimamia kanuni za wavuti: tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kinapuuzwa kila siku.

Bali juu ya mabadiliko ya ghafula nina neno. Kuanzia mwaka 1995 mtu aliyejifunza kompyuta, awe katika chuo kikuu au katika kibanda cha intaneti, alifundishwa kwamba kila jambo huanza katika kitufe kilicho pembeni, chini, kushoto. Mikono ya mamilioni ya watu ilikijua bila ya kuhitaji macho. Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, na kitufe hicho kikaondolewa. Malalamiko yakawa makubwa, na mwaka mmoja baadaye kikarudishwa katika toleo la 8.1. Maarifa ya mikono ni mali. Karani aliyeyapata kwa miezi ya mazoezi, pengine kwa ada aliyoilipa mwenyewe, ameyanunua, na aliyeyafuta usiku mmoja kwa sasisho lisilo na idhini ya mtu amemnyang'anya kitu, hata kama jipya ni zuri zaidi kwa macho. Sisemi kwamba programu zisibadilike. Nasema anayebadilisha aiache njia ya zamani wazi kwa muda, aseme mapema ni nini kitakachohama na kitahamia wapi, na awe na sababu inayomhusu mtumiaji.

Watengenezaji watanijibu, na wengine wamekwisha kunijibu, kwamba mambo haya ni magumu kwa asili yake, na kwamba mwenye kutaka huduma nyingi hana budi kuvumilia utata. Katika jibu hilo mna nusu ya ukweli. Larry Tesler, mhandisi aliyefanya kazi katika maabara za Xerox huko Palo Alto na baadaye Apple, alisema kwamba kila kazi ina kiasi cha utata ambacho hakiwezi kuondolewa; swali lililobaki ni nani atakayeubeba, mtengenezaji au mtumiaji. Tulifanyie hesabu swali hilo. Mtengenezaji akiona uvivu wa kufanya kazi wiki moja zaidi, na kwa sababu hiyo kila mtumiaji akapoteza dakika moja, watumiaji milioni moja wamepoteza dakika milioni moja, ambazo ni siku 694, usiku na mchana. Hakuna insafu katika biashara ambayo mmoja aliyelipwa mshahara hupumzika wiki moja, na wasiolipwa kitu hulipa karibu miaka miwili ya uhai wao kwa ajili ya pumziko hilo.

Nawageukia vijana walio katika ukumbi huu, na wengine nje ya ukumbi, katika Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, ambao sasa wanatengeneza programu za hospitali, za shule, za kodi, za ardhi na za vyama vya akiba na mikopo; kwa maana siku ya kuwalaumu wageni peke yao imekwisha, na nyingi za nyuso tunazolalamikia leo zimechorwa na mikono ya ndugu zetu. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu, wakitazamwa wakiitumia programu, hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu watano si gharama. Mtafuteni mama lishe, dereva wa bodaboda, mwalimu aliyestaafu, muuguzi wa zamu ya usiku, na mzee asomaye kwa miwani. Mpeni kila mmoja wao simu yenye programu yenu kabla haijatoka, mwambieni kazi ya kufanya, kisha mketi kando na mnyamaze. Msimsaidie. Msimwelekeze kidole. Pale atakapositasita, andikeni. Pale atakapobonyeza msipotarajia, andikeni. Na pale atakapoomba radhi, mjue kwamba nyinyi ndio mnaodaiwa radhi, mwende mkatengeneze upya.

Na nyinyi mnaotumia, ambao ndio wengi wetu, nawaomba jambo moja. Mtakaposhindwa tena mbele ya kioo, msiseme kwamba hamjui. Andikeni siku, andikeni kioo kilisema nini na nyinyi mlitaka kufanya nini, mpeleke malalamiko hayo kwa maandishi kwa mwenye huduma, na asipojibu, kwa mamlaka inayomsimamia, na mwendelee kuyapeleka mpaka mjibiwe.